Gustave Doré na vibao vya mbao
Umeuliza kama Gustave Doré, msanii wa Kifaransa, alizichonga kwa mkono wake picha za Biblia ya mwaka 1866. Hapana, yeye alichora moja kwa moja juu ya vibao vya mbao ngumu, kisha mafundi stadi kama Héliodore Pisan wakavichonga tayari kwa kupigwa chapa, na ndiyo maana mara nyingi utaona majina mawili chini ya picha moja. Alizaliwa Strasbourg mwaka 1832, na akiwa na miaka 15 tu alikwisha kupata mkataba wa kuchora katika gazeti la vichekesho mjini Paris. Mwaka 1861 alijigharimia uchapishaji wa michoro yake ya Jehanamu, shairi la Dante, mshairi wa Italia, kwa kuwa mchapishaji aliogopa hasara, na kitabu kikauzwa kwa kasi. Kwangu mimi, michoro yake ya mitaa ya maskini ya London, iliyotoka mwaka 1872, ndiyo yenye nguvu zaidi. Inasikitisha kwamba alitamani mno kuheshimiwa kama mchoraji wa rangi za mafuta, heshima aliyoipata Uingereza kuliko kwao Ufaransa, hadi alipofariki Paris mwaka 1883.