Maswali na Majibu: Anayefaidi na Anayelipa

Wiki hii nimeweka kando maswali ya mirathi na ya nauli za boti. Yaliyobaki ni ya bahari, miti na mchanga, na nusu yake mlishayauliza mwaka jana. Msinilaumu nikijibu kwa mkato.

Shule yetu inataka kupanda miche elfu moja ya mikoko ufuoni. Tuipate wapi? (Mwalimu, Pate, Lamu)

Mwalimu, kila ikikaribia Siku ya Mazingira napata swali hili. Muulizaji tu ndiye hubadilika. Kabla ya kutafuta miche, nenda hapo ufuoni maji yakiwa yamekupwa ukatazame. Pana mkoko hata mmoja uliosimama? Kama hapajawahi kuota mkoko, hautaota kwa sababu watoto wamevishwa fulana mpya. Tope linalofunikwa na maji saa nyingi mno huua mche, na mahali pengi mnapopaita patupu ni majani ya bahari, ambako tafi hula na samaki wadogo hujificha. Mtaharibu malisho yaliyopo kwa ajili ya msitu usioshika.

Kama mikoko ilikuwapo ikafa, tafuteni kilichoiua. Mara nyingi ni maji kuzibiwa njia: barabara, tuta, ukuta wa tajiri. Zibueni mkondo kisha muiachie bahari. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwandamo na ya mwezi mpevu, huleta mbegu bila bajeti wala mgeni rasmi. Ikibidi kupanda, fuateni jinsi aina za mikoko zilivyojipanga zenyewe: mlilana mbele kwenye mawimbi, mkoko wenyewe kandokando ya mikono ya bahari, mkandaa nyuma yake, mchu karibu na nchi kavu. Nimeona miche ya mkoko imechomekwa mbele kabisa, imenyooka kama safu za sala. Wakubwa walipiga picha, boti zikawarudisha mjini, na kusi, upepo wa kusini, ilipoanza kuvuma ikaizoa yote. Kikundi cha akina mama kilichonyweshea kitalu hakikupata hata simu ya kuwapa pole.

Na kumbuka, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku kwetu Lamu. Wapelekeni hao watoto wakaijue iliyosimama.

Ni kweli mkoko ukikatwa huchipua wenyewe? (Mkata boriti, Matondoni)

Mchu huchipua. Mkoko wenyewe ukishakatwa shina, umekwisha. Nawe, bwana, ulilijua hilo kabla yangu; ulitaka tu nikuandikie ndiyo.

Sikulaumu sana. Tangu serikali ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982, biashara ya majahazi ya Arabuni ilikatika, na anayezama topeni mpaka magotini huku mbu wakimla ndiye anayeambulia kidogo katika kila korja, yaani kila miti ishirini. Faida hukaa mbele, kwa mwenye lori. Ila sikiliza: mkichagua miti iliyonyooka tu, fito, pau na boriti, mnabakiza mapindi matupu, na hayo mapindi ndiyo yatakayotoa mbegu. Acheni mirefu michache kila mnapoingia. La sivyo mjukuu wako atakuja kunyosha mti kwa macho.

Mlipinga mradi wa makaa ya mawe Kwasasi, sasa vijana hatuna kazi. Mmeridhika? (Kijana, Hindi)

Kwa hilo la makaa, ndiyo, mwanangu, nimeridhika. Ule ulikuwa mtambo wa megawati 1,050, na makaa yangeanza kwa kuagizwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Kazi nyingi mlizoahidiwa zilikuwa za ujenzi: kubeba, kuchimba, kulinda geti. Mtambo ukishasimama huhitaji watu wachache wenye vyeti ambavyo hakuna chuo chochote hapa kilichokuwa kikivitoa. Majivu yangebaki Kwasasi. Moshi ungefuata upepo. Zebaki haina kibali cha kutoingia kwenye samaki. Na wakati nchi ilikuwa tayari na umeme mwingi kuliko mahitaji, mwenye stima nyumbani angelipia mtambo hata siku ambazo haukuhitajika.

Jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilipofuta leseni Juni 2019, mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Soma hapo vizuri. Ilitosha watu wa Amu, mji wetu wa Lamu, wengi wao wazee na akina mama, kuuliza: hasara hii imeandikwa wapi?

Lakini swali lako la kazi ni la haki, na sisi tuliopinga tuna deni nalo. Samaki wa Kizingitini bado huuzwa kwa bei ya yule mwenye barafu, wala si ya aliyemvua. Chumba baridi na stima ya uhakika visiwani vingeajiri watu wengi kuliko lile dohani. Hilo nimeliandika mara nyingi, na wanaolisoma ni wale wasio na pesa.

Tuliambiwa tutalipwa fidia ya bandari ya Lamu. Tukishalipwa, madai yamekwisha? (Nahodha, Amu)

Yaliyopita, pengine. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua tarehe 30 Aprili 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Chukua kalamu ugawe: ni kama shilingi 380,000 kwa kila mtu, mara moja, kwa eneo ambalo baba yako alitega malema, ukatega wewe, na mwanao hatatega. Mkondo ukishachimbwa kwa ajili ya meli kubwa, tope huenea na kufunika matumbawe na majani, na penye njia ya meli huwezi kuacha mtego. Watu husema "waende bahari kuu". Kwa mashua gani? Kwa injini ya nani, kusi ikichafuka?

Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Mpango mzima ni gati zaidi ya ishirini. Zilizojengwa ni tatu. Basi nahodha, acha kuniuliza habari za fidia ya juzi. Kaulizeni sasa hivi gati ya nne itachimbwa wapi na tope lake litamwagwa wapi, kabla mtambo wa kuchimba haujaingia majini. Fidia hudaiwa na aliyekwisha kupoteza.

Punda wangu amevimba tumbo na hataki kula. Nimnyweshe nini? (Langoni)

Usimnyweshe chochote. Mpeleke kliniki ya punda leo, si kesho. Nina hakika nusu kwamba tumboni mna plastiki: wewe na mimi tunamtumikisha mchana, jioni tunamfungulia akajilishe jaani. Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini ganda la mkate na pakiti ya maziwa bado zinanukia chakula.

Kwa nini bahari yetu hugeuka nyekundu mvua za vuli, na mbona hoteli yetu imekuwa mbali na maji? (Mhudumu wa hoteli, Malindi)

Majibu yote mawili yako mtoni. Sabaki huanzia vilima vya karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupita Ukambani, hukutana na Tsavo ukawa Galana, na kila mteremko uliolimwa bila matuta huutilia udongo wake. Kusi likivuma, tope husukumwa upande wa kaskazini, kuelekea Ngomeni. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikianza, hurudi kusini, mbele ya mji na mpaka kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Mvua za vuli hukutana na kaskazi. Ndipo wageni wako wanapokuuliza kama maji ni safi.

Si jambo la jana. Wataalamu walitoboa tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya takriban miaka 300 wakalisoma tabaka kwa tabaka, na dalili za udongo zikaonekana kupanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya juu ilipoanza kufyekwa kwa mashamba chini ya wakoloni. Matumbawe hayo hayo yalipaushwa na joto la 1998, na yanayojaribu kurudi yanafunikwa na matope. Mchanga unaoshuka na mto nao umejaza ghuba na kuusogeza ufuo mbele, ndiyo maana wageni sasa huvuka vilima vya mchanga kwenda kuogelea.

Hapa hata wa kufaidi simuoni. Mkulima wa juu amepoteza rutuba, wewe umepoteza mgeni. Hoteli za Malindi hutoa pesa kila mwaka kufagia ufuo. Sehemu ya pesa hizo ingefaa zaidi ikichimba matuta Makueni, na sijasikia mkutano mmoja wa wenye hoteli ambako hilo limetajwa.

Nimepata kiwanja nafuu juu ya vilima vya mchanga vya Shela, Lamu. Ninunue? (Msomaji, Mombasa)

Nafuu kwa nani? Mvua inayonyesha juu ya vilima vile huchuja chini ikawa maji matamu, yanayokaa juu ya maji ya chumvi. Ndiyo maji ya mji wa Amu. Weka msingi, choo na pampu ya bwawa la kuogelea hapo, na chumvi itapanda visimani mwa watu ambao hawajawahi kulala kwenye vila yako. Aidha, hati ya kiwanja kwenye chanzo cha maji inaweza kubatilishwa. Anayekuuzia amekwisha kuzitumia pesa za wa kabla yako.

Juya la macho madogo, likitumiwa usiku tu, lina ubaya? (Hakutaja alipo)

Lina. Vifaranga vya changu havijui kama ni usiku, na sheria pia haijui. Ukiniandikia tena, taja ulipo.