Krauni ya muda kwenye gego: ya mkono, ya kuchapwa au ya kuchongwa?

Pole sana, dada wa Kondele. Unasema krauni ya muda (kofia ya kufunika jino kwa kipindi tu) ilipasuka siku ya tisa ukila mahindi choma, ya kudumu itachukua miezi 2, na kliniki imekupa uchague: ya mkono tena, ya kuchapwa kwa printa, au ya kuchongwa na mashine.

Mimi ni fundi wa maabara ya meno hapa Nakuru. Kwa gego na muda huo wote, ningechukua ya kuchongwa. Ile ya mkono mara nyingi ni unga wa plastiki na kimiminika chake vinavyochanganywa palepale, na viputo vya hewa hubaki ndani. Vipande vingi vilivyovunjika nimevishika kwenye mwanga: unaona vitundu kama vya mkate, na ufa umepita humo humo. Ya mashine huchongwa kutoka kipande cha akriliki (plastiki ngumu) kilichoivishwa kiwandani kwa joto na shinikizo, kwa hivyo imeshikana.

Ya kuchapwa siidharau. Hujengwa tabaka kwa tabaka, na ikioshwa vizuri kisha ikaiva barabara chini ya taa yake, huwa imara. Ikiharakishwa, hubaki dhaifu.

Lakini mwombe daktari aangalie unene wa sehemu ya kutafunia. Ikiwa nyembamba, hata ya mashine itapasuka. Kama huwa unasaga meno usiku, mwambie.

Ikivunjika tena, tafadhali usiigandishe kwa supaglu. Beba vipande urudi haraka, maana jino lililochongwa likiachwa wazi husogea, na krauni ya kudumu itakataa kuingia.