Kompaila ya bure inaishia wapi? Jua kabla hujapokea kazi

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza bodi za elektroniki hapa Dar, msiulize tu kompaila, yaani programu inayogeuza mnachoandika kuwa lugha ya chipu, ni ya bure au ya kulipia. Ulizeni ya bure inaishia wapi.

Mteja wangu wa Tabata alitaka bodi ya kuwasha pampu tanki la juu likipungua maji, na kuizima kisima kikikauka. Nilichukua chipu ya PIC16F877A, yenye nafasi ya maneno 8,192 ya programu (neno hapa ni kipimo cha kumbukumbu ya chipu), nikaandikia kwenye kompaila niliyoipakua bure. Mambo yakaenda vizuri mpaka nilipoongeza skrini na modemu ya kutuma SMS. Kompaila ikagoma: toleo la bure mwisho maneno 2,048. Robo tatu ya chipu iko tupu, na keshokutwa nakabidhi! Nikahamia kompaila nyingine, kumbe maktaba za skrini na modemu, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kuviendesha, zilikuwa za ile ya kwanza. Nilikesha nikiziandika upya.

Kikomo cha ukubwa nakiogopa kuliko vingine kwa sababu hukutani nacho mpaka kazi imeiva. Keil MDK Lite, kompaila ya aina nyingine ya chipu ziitwazo ARM, nayo mwisho wake ni kilobaiti 32. Kwa mazoezi ya chuo zinatosha sana.

XC8, kompaila ya Microchip wanaotengeneza chipu za PIC, haikubani ukubwa. Toleo la bure linakuachia uboreshaji, yaani kompaila kuipunguza au kuiharakisha programu yako, hadi ngazi ya -O2, lakini -Os, ile inayoifinyanga programu iwe ndogo, ni ya wanaolipa. Kwa bodi kumi, mimi nanunua chipu kubwa kidogo na kuachana na leseni. Kwa bodi elfu tano, piga hesabu upya.

Kuna zinazoangalia mapato yako. Delphi Community, ya kuandikia programu za kompyuta na simu, inakutaka uhamie toleo la kulipia mapato yakizidi dola 5,000 kwa mwaka, na fundi anayejitegemea anaweza kufika hapo kwa kazi chache nzuri.

Kama chipu yako inakubali GCC, kompaila huria ya bure, anzia hapo. Richard Stallman aliitoa mwaka 1987, haina kikomo cha ukubwa, uboreshaji wote uko wazi, na programu unayoitoa ni yako, unaweza kuiuza. Arduino, bodi za kujifunzia, zile zenye chipu za AVR zinatumia hiyohiyo. Kopi za kuchakachua zinazopitishwa kwenye fleshi ziacheni kabisa. Kazi ya mteja haijengwi juu ya kitu cha wizi.

Siku hizi, kabla sijapokea malipo ya awali, naandika programu fupi yenye jedwali la namba linalokaribia kujaza chipu, kisha naikompaili nione kama itapita. Hakikisheni programu inalisoma hilo jedwali, la sivyo kompaila italitupa na mtadhani mmepita.