Kabla ya kuchagua rangi ya almasi, jua inakaa kwenye dhahabu gani

Msomaji ametuandikia akiwa njia panda. Mchumba wake anapenda dhahabu ya njano. Sonara amemwekea mezani almasi mbili za duara zenye bei inayokaribiana: moja ya nusu karati (karati ni kipimo cha uzito wa almasi) yenye rangi D, nyingine ya karati 0.70 yenye rangi J. Sonara anamsisitizia D kwa kuwa ndiyo ya juu kabisa. Sisi tungechukua J, na sababu zetu zinamhusu kila anayejiandaa kumvisha mtu pete ya uchumba.

Herufi hizo ni za GIA, taasisi ya vito ya Marekani, na zilianza kutumika miaka ya 1950. Zinaanzia D kwa sababu A, B na C zilikuwa zimeshachezewa mno na wafanyabiashara. D hadi F hazina rangi, G hadi J zinakaribia kutokuwa na rangi, na kuanzia K umanjano hujitokeza taratibu hadi Z. Kinacholeta umanjano huo ni naitrojeni iliyonaswa ndani ya jiwe lilipokuwa likiumbika ardhini. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 haiingii kwenye mpangilio huu. Rangi ya namna ile hupandisha bei badala ya kuishusha.

Wauzaji wengi hawasemi jinsi rangi inavyopimwa. Maabara hulipindua jiwe, uso wake bapa ukiwa chini, na mpimaji hulitazama ubavuni akililinganisha na mawe ya rejea. Kidoleni jiwe hutazamwa kwa juu, na almasi ya duara iliyokatwa vizuri hurudisha mwanga mwingi kiasi kwamba rangi kidogo humezwa na mng'ao. Tofauti ya D na F, au ya G na H, huioni pete ikiwa imevaliwa. Bei yake utaiona.

Ndiyo maana tunasema anza na madini ya pete. Kwenye dhahabu ya njano ya karati 18 (kwa dhahabu, karati hupima usafi wake, si uzito), J au hata K ya duara inapendeza, maana jiwe hulinganishwa na njano iliyolizunguka. Ukiweka D pale, dhahabu inaakisiwa ndani yake na weupe ulioulipia unapotea. Kama tayari unayo, mwambie sonara makucha yanayoshika jiwe ayatengeneze kwa platinamu au dhahabu nyeupe. Kwenye pete nyeupe nzima, chukua G au H. I inatosha kwa jiwe la chini ya karati moja. Kumbuka pia kwamba dhahabu nyeupe hupakwa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, na mpako huo huisha kwa matumizi. Ikiisha, madini hugeuka manjano kidogo na watu hulilaumu jiwe bure, kumbe pete inahitaji kupakwa upya.

Umbo nalo lina neno. Yai na tone la machozi hukusanya rangi kwenye ncha, hivyo panda daraja moja. Mstatili wa ngazi, wenye nyuso pana kama dirisha, hauna pa kuificha rangi. Usishuke chini ya H kwenye pete nyeupe. Ukubwa ni hivyo hivyo: J iliyojificha kwenye jiwe la milimita 5 itaonekana kwenye jiwe la karati 2, ambalo lina kipenyo cha milimita 8 hivi.

Kosa tunaloliona likiharibu pete nzuri ni kuzungushia almasi ya K vijiwe vidogo vyeupe vya F. Jiwe la katikati huonekana limechuja papo hapo. Mawe ya pembeni yasipishane na la katikati zaidi ya daraja moja.

Dukani, omba kuona jiwe kabla halijafungwa kwenye pete, kwa sababu likishafungwa hata maabara haiwezi kutaja herufi moja kwa uhakika. Sogea dirishani, mbali na taa za kabati, lakini jua lisilipige moja kwa moja. Kunja kadi nyeupe isiyong'aa iwe kama V, lilaze jiwe humo uso bapa ukiwa chini, kisha weka lingine la ukubwa uleule pembeni. Lipulizie pumzi: ukungu huzima mng'ao kwa sekunde chache na rangi halisi inajitokeza. Halafu ligeuze, ulitazame ukiwa umenyoosha mkono. Usivae shati la rangi kali siku hiyo.

Cheti nacho kisomwe. Maabara hazina ukali mmoja. H ya maabara legevu inaweza kuwa J kwa GIA, hivyo linganisha bei za mawe yaliyopimwa na maabara moja tu. Omba lensi ya mara 10, soma namba iliyoandikwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, uihakiki kwenye tovuti ya maabara.

Kwa msomaji wetu lililobaki ni ukataji, maana ndio unaoleta mng'ao unaomeza rangi. Ikiwa cheti cha ile J kinaonyesha ukataji wa daraja la juu kabisa, aichukue. Ikiwa ni wa chini ya hapo, aombe J nyingine, hata ikishuka hadi karati 0.60.