Grafini inausaidiaje mwanga kuiona protini?

SWALI: Habari za kazi jamani. Nasoma baiolojia, tumefundishwa kwamba mashine ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) inaitambua protini bila hata kuipaka rangi, halafu nikasikia ukiweka grafini ndo inaona vizuri zaidi. Sasa grafini si kaboni tu, ileile ya kwenye penseli? Inasaidiaje?

JIBU: Ni ileile, ila tabaka moja tu la atomi. Geim na Novoselov wa Manchester waliipata 2004 kwa kubandua grafaiti, hiyo ya kwenye penseli, na selotepu, 2010 wakabeba Nobel (selotepu jamani!).

Tatizo liko hivi. Atomi za kwenye molekuli hazitulii, zinatikisika, kila kifungo kinachoziunganisha kina mdundo wake, na infraredi yenye mdundo huohuo inamezwa, ndo unajua hii ni protini. Lakini wimbi la hiyo infraredi lina urefu wa kama mikromita 6 na protini yenyewe ni nanomita chache, yaani wimbi linaizidi karibu mara elfu, sasa hapo ni kuvua vidagaa kwa wavu wa matundu makubwa, zikiwa molekuli chache zinapita zote huoni kitu.

Ukiikata grafini iwe tepe nyembamba sana, upana wa makumi ya nanomita, mwanga ukiipiga elektroni zake zinayumba kwa pamoja, hiyo ndo plasmoni, na inaubana mwanga juu ya uso wa grafini kabisa, pale protini ilipokaa. Dhahabu nayo inafanya hivyo na imetumika miaka mingi, ila mwanga wake unatawanyika mbali na uso, na ukishatengeneza antena zake (vipande vidogo vya kunasa mwanga) mdundo ndo huohuo, basi. Kwa grafini unabadilisha volteji tu, elektroni zinaongezeka au zinapungua na mdundo unahama, kama mtu anayezungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni. Mimi hapo ndo napapenda kuliko pote. Watafiti wa chuo cha EPFL cha Uswisi na taasisi ya ICFO ya Uhispania walilionyesha hilo 2015 kwenye jarida la Science, wakahamisha mdundo mpaka ukakutana na ile miwili maarufu ya protini, amaidi I na amaidi II.

Ila usikimbilie kuitia kwenye maji, maji yanameza infraredi karibu palepale kwenye amaidi I, yatakufunikia kila kitu. Halafu grafini haichagui, inakuza chochote kilichotua juu yake, kwa hiyo ukitaka protini fulani tu itue lazima kwanza uweke antibodi za kuinasa.