Maswali yenu: mnara ng'ambo ya kilima, daftari la kafe na siku tulizokatiwa mtandao

Mwezi huu barua nyingi zimetoka vijijini, na ndizo nimezipa nafasi kubwa. Baadhi ya maswali nimeyafupisha, ila maneno ni ya wenyewe.

Shikamoo mama. Kijiji chetu kiko bondeni, Makete. Tukipanda kilimani mnara tunauona, lakini nyumbani simu haishiki kabisa. Vijana wetu waliomaliza kidato cha sita wamejazia maombi ya mkopo wa chuo huko huko kilimani, juu ya mwamba. Kampuni ya simu tumeiandikia mara tatu, kimya. Tumwendee nani? – Msomaji, Makete

Marahaba mwanangu. Mwamba wa aina hiyo naujua. Nilikaa kwenye mmoja upande wa Kitulo, jioni ya mwezi wa saba. Binti alikuwa ameinua simu juu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuficha ndani ya khanga kwa baridi, na mdogo wake anamsomea namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ya baba yao kutoka kwenye kipande cha karatasi. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, mtandao ukakata, ukurasa ukarudi mwanzo. Binti akaanza upya bila hata kuguna. Kule kuzoea ndiko kulikoniuma zaidi.

Kwanza mwelewe tatizo, ili mkienda kuzungumza msizungushwe. Mawimbi ya simu hayapindi kilima kirahisi. Mnara uliopo ng'ambo unaweza kuwa mzima kabisa na bado bonde lenu likabaki kivulini. Pia antena huelekezwa, na mara nyingi huelekezwa kwenye barabara na miji. Kwa hiyo mtu akiwaambia "eneo hilo lina mnara", mjibuni kwamba mnaomba huduma ifike bondeni, mnara mmeshauona.

Pili, mlibisha hodi mlango usio wenu. Kampuni inapiga hesabu ya wateja na dizeli. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao hukusanya mchango kutoka kwa kampuni zenyewe na kutoa ruzuku ili minara ijengwe pale ambapo biashara peke yake isingefika. Bonde lenu ndilo lililokusudiwa, basi barua iandikieni UCSAF. Nakala ya barua ipelekeni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, hapa Mbeya.

Barua ya mtu mmoja hupotea mezani, ya kijiji si rahisi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, basi ombeni mtandao uwe ajenda na muhakikishe umeandikwa kwenye muhtasari, na mwenyekiti na mtendaji wametia saini. Kabla ya mkutano, vijana wawili wazunguke kila kitongoji na simu za laini tofauti, waandike: hapa inashika 2G, hapa 4G, hapa hakuna kitu, saa ngapi, na alama za GPS ambazo simu yenyewe inatoa. Ongezeni idadi ya kaya, shule, na zahanati, na mseme muuguzi anapanda wapi kupiga simu ya rufaa usiku. Semeni na mbolea: tangu ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23 mkulima anasajiliwa kwenye mfumo, na simu isiyoshika ni msimu uliopotea. Diwani aibebe kwenye baraza la madiwani, na mbunge apewe nakala yake mkononi.

Na msiende kama waomba fadhila. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na uhuru wa kuwasiliana. Serikali imehamishia kaunta zake mtandaoni, kuanzia mikopo ya wanafunzi, maombi ya ajira, leseni za biashara hadi zabuni. Anayeishi asikofikiwa na mtandao amefungiwa ofisi zote hizo kwa siku moja.

Nilienda kafe ya intaneti Mwanjelwa. Wakanitaka jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, niandike kwenye daftari, na juu yangu kuna kamera. Ni halali? – Mwanafunzi, Mbeya

Kuandikishwa na kamera havikuzuka kaunta. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, na zile za 2020 zilizozifuata, zilimtaka mwenye kafe aandikishe watumiaji na aweke kamera. Msimlaumu kijana wa kaunta. Utaratibu wenyewe siupendi, kwa kuwa unamfanya asiye na kompyuta nyumbani asome chini ya jicho la kamera huku mwenye kompyuta yake akisoma kwa amani, na nitaendelea kulisema hilo kila nitakapopata nafasi.

Lakini daftari lililo wazi kaunta, kila anayeingia akasoma majina na namba za waliotangulia, hilo siyo sawa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akuambie ni za nini, asichukue zaidi ya anachohitaji, na azitunze zisimfikie asiyehusika. Una haki ya kuuliza, na ukipuuzwa unaweza kulalamika kwa Tume.

Hatari kubwa zaidi naiona kwenye vibanda vya steshenari kuliko kwenye kafe. Juzi niliingia kimoja kuchapisha kurasa mbili. Kwenye kioo cha kompyuta ya dukani kulikuwa na mafaili yamejaa hadi pembeni: vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti, nakala za NIDA, na faili moja la maandishi limepewa jina "password za wateja". Kijana wa pale ni mwema, anawatunzia watu wasisahau. Hajui kwamba fundi mmoja akija na fleshi anaondoka na nusu ya mtaa.

Kwa hiyo ukisaidiwa kujaza fomu, neno la siri liandike wewe mwenyewe kwa mkono wako. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, futa faili lako, halafu futa na kwenye pipa la taka la kompyuta. Muombe afanye hivyo ukiwa umesimama pale, kwa upole, hatakataa. Na kama wewe ndiye mwenye kibanda na unasoma hapa, nakuomba ufute faili hilo leo.

Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la mtaa, watu 180. Mtu akiweka uongo nitafungwa mimi? – Admini mwenye hofu, Tunduma

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamlenga anayechapisha taarifa akijua ni za uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Hakimtaji admini kwa sababu tu ni admini. Ukiisambaza wewe, hapo umekuwa mchapishaji. Weka kanuni fupi za kundi, futa uongo ukiuona, andika kwamba umeufuta na kwa nini.

Ila usiugeuze woga wako kuwa sheria ya kundi. Nimeona makundi ya mitaa ambako mtu akiuliza fedha za kisima zimekwenda wapi anaondolewa, eti "siasa hapana". Kuuliza matumizi ya fedha ya umma, ukiwa na picha ya kisima kilichokauka na tarehe, siyo uongo. Kifungu hiki kimeandikwa kwa upana mno na watetezi wa haki wamekilalamikia tangu mwanzo. Upana huo tusiuongeze sisi wenyewe.

Nanunua parachichi Rungwe na kuuza kwa mawakala. Oktoba 2025 mtandao ulipozimwa, mzigo uliniozea. Wana haki ya kutuzimia? Na nitadai wapi? – Mfanyabiashara, Tukuyu

Pole sana, ndugu yangu. Parachichi likishachumwa halisubiri.

Intaneti ilizimwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ikakaa siku kadhaa. Mwaka 2020 nako, siku za uchaguzi, mitandao ya kijamii ilibanwa. Jibu langu ni kwamba hapana, haikupaswa kuzimwa, na siutegemei moyo wangu tu kusema hivyo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio namba 580 mwezi Machi 2024, likizitaka nchi zisizime intaneti kabla, wakati na baada ya uchaguzi. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, nayo iliamua Juni 2020 kwamba Togo ilivunja uhuru wa kujieleza ilipozima intaneti mwaka 2017. ECOWAS si yetu, sisi tuna Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoamua Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Hapo kuna mtego mmoja: shauri la namna hiyo hufunguliwa ndani ya miezi miwili tangu tukio. Mwananchi anayesubiri hasira ipoe kwanza huwa amechelewa.

Ndiyo maana nasisitiza kumbukumbu. Siku mtandao unapokata, chukua daftari la karatasi. Andika saa, kilichokwama, kreti ngapi, bei ya siku hiyo, jina la wakala uliyeshindwa kumpata. Tunza picha za mzigo na stakabadhi za gari. Mwanasheria au shirika la haki likiuliza "nani aliumia?", kilo zilizoandikwa zina nguvu kuliko kilio. Na namba za wateja wako wakubwa ziandike kwenye karatasi, kwa sababu SMS na simu ya kawaida zinaweza kufanya kazi wakati data imekufa.

Tofautisha pia kuzimwa na kukatika. Mei 2024 tulikosa intaneti kwa sababu nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Hapo dai letu ni njia mbadala zaidi, na si la mahakamani.

Kutumia VPN ni kosa? – Msomaji, Mafinga

VPN ni programu inayofunika mawasiliano yako mtandaoni. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wazisajili, na kanuni za maudhui za 2020 zilikataza kuwa na teknolojia ya kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku au kuisambaza. Hiyo ndiyo hali ya sheria, ijue kabla hujaamua. Benki na ofisi nyingi hulinda kazi zao kwa VPN, na mwananchi naye ana siri halali. Kanuni hiyo ifanyiwe marekebisho, na tuseme hivyo waziwazi.

Nahofia kuna laini imesajiliwa kwa jina langu. – Mama lishe, Njombe

Piga *106#, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa wakala wa kampuni husika na kitambulisho ukaifute. Meseji za "ile pesa tuma kwa namba hii" ziripoti kwenda 15040.

Kamwene. Sisi ni vijana sita, Kihesa. Tunataka kuanzisha kikundi cha kutetea haki za mtandao. Tuanze na usajili au na nini? – Vijana, Iringa

Kamwene wanangu. Anzeni na kazi, usajili utafuata. Ombeni meza moja maktaba ya mkoa, Jumamosi asubuhi, mkae hapo: anayetaka kubadili neno la siri, aliyetapeliwa, anayeshindwa kujaza fomu. Baada ya miezi michache mtakuwa mnajua matatizo ya Iringa kuliko ripoti yoyote, na watu watawajua kwa sura. Hapo nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkaandikishe kikundi. Mkiwa na wazo la biashara, kama kituo cha intaneti cha bei nafuu, kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana. Na mkifika mahali pa kutaka kujenga mtandao wenu wenyewe, someni walivyofanya Kondoa, mkoani Dodoma, ambako wananchi wana mtandao wa jamii.

Lakini silaha yenu ya bei rahisi ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya umma kuomba taarifa, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Barua ya kwanza iwe fupi: shule ngapi za sekondari za manispaa zina intaneti inayofanya kazi leo, na bando linalipwa kutoka fungu gani? Ipelekeni masjala kwa mkono, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha bandikeni kalenda ukutani na mwanze kuhesabu.