Ulivuja damu nyingi uzazi wa kwanza? Waambie kliniki mapema

Pole sana dada uliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua mtoto wa kwanza na sasa una mimba tena, sio kitu kidogo, hofu yako naielewa kabisa. Waambie kliniki leo leo waandike kwenye kadi, maana ikishatokea inaweza kujirudia, na kuzalia nyumbani sikushauri hata kidogo.

Ila mambo yamebadilika jamani, kuna utafiti wa kuvuja damu baada ya kujifungua unaitwa E-MOTIVE, majibu yake yalitoka 2023, ulifanyika hospitali karibu 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, mkunga anakuwekea chini yako plastiki yenye alama za kupima damu inayotoka badala ya kukadiria kwa macho, ikifika kiwango unapewa huduma zote kwa mpigo, kukandwa mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kubana mfuko wa uzazi), dawa ya kugandisha damu, dripu, na kuangaliwa inatokea wapi. Madhara makubwa yalipungua kwa 60%! Yaani shida kubwa ilikuwa kuchelewa kugundua.

Muulize mkunga kama wanayo hiyo plastiki. Na pima wingi wa damu sasa hivi, vidonge vya madini ya chuma usiruke, na ndugu wa kuchangia damu wajue mapema.